Mgahawa Usiotajwa na Mwenyewe

Misungwi,
17 Juni 2024

Dorcas,

Sikuandikii kwa kupenda. Simu ninayo na wewe unayo, lakini kwa simu ungekata nikiwa katikati ya maelezo, na jambo hili linahitaji maelezo. Sabina anakuja mjini Jumatano kuchukua vitenge vyake. Atakupa barua hii mkononi, na nimemwambia asisubiri kuona uso wako ukiisoma.

Jana nilikuwa Bujora kwenye mashindano ya ngoma. Unajua yanavyokwenda: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi wa kutoa alama. Mwamuzi ni watu wenyewe. Wanakokimbilia, huko ndiko kwenye ushindi. Miaka yote niliyofundisha somo la biashara nilitumia mfano huo kuwaeleza wanafunzi soko ni kitu gani, na jana nilikuwa namweleza hayo hayo Mwalimu Alexander, mstaafu mwenzangu, ndipo manju, kiongozi wa nyimbo wa upande wa pili, akaanzisha wimbo mpya.

Wimbo ulimhusu mwanamke wa Mirongo anayeuza michembe ya viazi na mtindi, ambaye hawezi kutaja jina la mgahawa wake. Manju akauliza, "Unaitwaje?" Uwanja mzima ukaitika, "Kwa Kashindye!" Watu waliokuwa upande wetu wakatoka mbio kwenda kule, na akina mama waliobeba watoto nao wakakimbia. Alexander akafuta machozi ya kicheko, akaniuliza, "Mwalimu, kumbe umefungua hoteli hukutuambia?"

Sasa nikueleze, ingawa unajua. Kwetu mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa peke yake, wala akiwa amekasirika. Heshima hiyo ni ya ndani ya nyumba. Wewe umeitoa nje, ukaiweka juu ya meza pamoja na chumvi na pilipili, watu waichezee. Jina langu limekuwa mchezo wa madereva wa bodaboda.

Na hata kama tungeweka heshima pembeni, kibiashara umekosea. Jina la biashara linatakiwa liwe fupi, lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, na mwenye biashara alitamke kila siku bila kuchoka. Lako limeanguka kwenye sharti la tatu.

Ubao uwe umeshuka kabla mwezi haujaisha.

Mwl. Kashindye Antoni (mstaafu)


Mirongo,
20 Juni 2024

Kwa Baba wa Josephat,

Shikamoo.

Barua nimeipata. Niliisoma nikiwa jikoni, na sufuria nzima ya karanga imeungua kwa ajili yako.

Unasema nimelitoa jina nje. Mimi sijalitaja hata mara moja, muulize yeyote hapa mtaani. Ubao aliuandika mwanao kwa mkono wake, kwa rangi ya Nikhil, huyu jirani yetu mwenye duka la rangi. Nilimwambia, "Josephat, hilo jina mimi nitaliitaje?" Akanijibu, "Wewe pika, mimi nitaita." Akawa anasimama mlangoni asubuhi na kuwaita wapita njia kwa sauti ile unayoijua. Alipofariki, mlangoni hapakubaki mtu.

Mchezo sikuuanzisha mimi. Mteja mmoja alikuwa anaelekezana na mwenzake kwenye simu, akaniuliza hapa panaitwaje. Nikamwonyesha ubao kwa kidole. Akasema hajui kusoma, nimtajie. Nikamwambia, "Mwambie ni kwa marehemu Josephat." Nikhil alikuwa mlangoni kwake anasikiliza. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akawatangazia madereva wote wa bodaboda: atakayemfanya Dorcas ataje jina la mgahawa wake atakula wiki nzima bila kulipa, na gharama ni juu yake yeye Nikhil.

Tangu hapo wanakuja. Mmoja alikuja na mtoto, akadai mtoto ana jina hilo hilo: "Mama, muite mwanangu aje ale." Nikamwambia, "Kama ana njaa mguse bega, atakuja." Mama mmoja wa kwaya aliniomba nimwombee mgonjwa wake, naye eti ana jina hilo. Nikafumba macho nikasema, "Bwana, huyo unayemjua." Mgahawa mzima ukasema amina. Wanashindwa, wanakula, wanalipa, na kesho wanarudi na ujanja mwingine.

Redio inataka fedha. Bango la barabarani linataka kibali. Mimi nina mdomo tu, na ninaufunga.

Ubao haushuki.

Dorcas, mke wa Josephat


Misungwi,
26 Juni 2024

Dorcas,

Nimeona kwamba hata kwenye karatasi hukuliandika. Unaandika "hilo jina", "jina hilo hilo", kama mtu anayeruka madimbwi. Unataka niamini kuwa hiyo ni heshima. Mimi nasema ni maonyesho, na umeyazoea mpaka unayafanya hata mahali pasipo na watazamaji.

Unajitetea kwamba huna njia nyingine ya kuvuta wateja. Hilo ni la mtu ambaye hakusoma, na mimi siwezi kuliacha bila kulijibu, kwa hiyo nisikilize. Njia zipo nyingi na hazina gharama. Jiko lako liko nyuma. Lilete mbele, upande wa barabara, uchemshie hapo michembe na karanga, harufu ikafanye kazi ambayo wewe unaifanya kwa kunyamaza. Hapo jirani kuna kinyozi, na kwa kinyozi watu husubiri wakiwa hawana la kufanya. Mpelekee bakuli dogo la kuonja kila asubuhi, waonje. Huyo Nikhil badala ya kucheka angeweza kukupa mafundi wake wa rangi wale kwako, nawe ukawaelekeza kwake wanaojenga. Nunua ubao mweusi na chaki, andika kila siku neno moja jipya kuhusu chakula cha leo, watu wapite makusudi kulisoma.

Na iliyo rahisi kupita zote, isiyokugharimu hata njiti ya kiberiti: mjue mteja kwa jina lake. Mtu akiingia, muite jina lake mbele ya wenzake. Hajali tena kama mtindi wa ng'ambo ni mzito zaidi. Anarudi pale anapoitwa. Nimeifundisha kanuni hii kwa vijana wengi, na wenye maduka makubwa leo wameniambia kwamba katika yote niliyowafundisha, hiyo ndiyo iliyowalisha.

Basi njia unazo. Usiniambie tena kuhusu kula kwako.

Umemtaja mwanangu. Nami nitamtaja. Josephat alikuwa mwalimu mwenye darasa lake na chaki yake. Wewe ndiye uliyemtoa darasani akasimame mlangoni kuwaitia watu viazi vikavu. Aliandika jina langu ubaoni ili nishindwe kusema kitu, na kwa kweli sikuja hata siku moja kuuona ubao huo. Kijana wangu hayupo. Kilichokuwa kinatuunganisha mimi na wewe nacho hakipo. Hapa Misungwi hakuna mkamwana anayeitwa Dorcas, na asiye mkamwana hana haki na jina la mzee wa watu.

Mwl. Kashindye Antoni


Mirongo,
1 Julai 2024

Kwa Baba wa Josephat,

Shikamoo.

Ahsante kwa somo. Jiko nimelileta mbele. Moshi wote ukaingia kwa Nikhil, rangi zake nyeupe zikanuka karanga, na mteja wake mmoja akarudisha kopo. Jiko limerudi nyuma. Kwa kinyozi nimepeleka bakuli, hilo limefaa, ingawa sasa kinyozi mwenyewe halipi tena chakula. Ubao mweusi na chaki ninavyo tangu zamani. Ni vya Josephat. Unadhani aliviacha shuleni?

Hakuna aliyemtoa darasani. Alichoka kufundisha shuleni huku nyumbani anafundishwa na wewe.

Sasa tuje kwenye neno lako la mwisho. Umesema huko hakuna mkamwana. Umelisema katikati ya barua, kati ya viazi na chaki, kama mtu anayekohoa. Mimi nataka uliseme wima. Niandikie barua isiyo na kitu kingine ndani yake, useme kwamba mimi si mkamwana wako. Nikiipata, nitafanya mambo mawili. Nitaushusha ubao, kwa sababu kweli asiye wa nyumba hana haki na jina la nyumba. Na kabla ya kuushusha nitasimama mlangoni, pale alipokuwa anasimama yeye, nilitaje jina hilo kwa sauti, watu wote wasikie.

Kwa sababu sinyamazi kwa ajili ya michembe, Baba. Nilikuwa nanyamaza kabla ya Nikhil kuanza kucheka. Mkamwana ndiye anayekatazwa, na mtu baki halimhusu. Kila siku wanaponichezea na mimi nikakataa, maana yake bado nina kwetu.

Basi chagua. Lakini ukiandika, usitume mtu baadaye kuniambia ulikuwa na hasira.

Dorcas, mke wa Josephat


Misungwi,
8 Julai 2024

Wifi Dorcas,

Baba hajui kama nakuandikia. Nataka ujue kilichotokea ili usije ukashangaa.

Jumamosi alikuja kwako. Ndiyo, mwenyewe! Alivaa kofia ya kaka na ile miwani ya jua, akaniambia anakwenda hospitali ya macho. Alikaa meza ya pembeni karibu na ndoo ya maji, akaagiza mtindi. Wewe ulikuwa unatoka na kuingia jikoni, hukumtambua. Akaona dereva wa bodaboda amesimama mbele yako anapiga meza na kupayuka, "Sema Kashindye! Sema Kashindye!" na watu wanashangilia kama mpirani. Baba alisimama akaondoka, mtindi akauacha nusu.

Nilimuuliza, "Na Dorcas alifanya nini?" Akasema hakutazama. Hakutazama, wifi! Amesafiri kutoka Misungwi mpaka Mirongo, na kile cha kutazama hakukitazama.

Nikamwambia, "Baba, wewe siku zote husema mteja hufuata kitu anachokiona ni cha kweli. Wale watu wanaona nini pale?" Akaniambia nisimfundishe kazi yake.

Ameita baba wadogo wakae kikao Jumapili. Wifi, nakuomba, teremsha ubao kwa hiari yako, uandike "Kwa Dorcas," mambo yaishe. Mkiendelea hivi mmoja wenu atashinda, na mimi ndiye nitakayebaki kubeba barua.

Sabina


Misungwi,
14 Julai 2024

Dorcas,

Kikao cha wanaume wa ukoo kimeketi leo nyumbani kwangu.

Wewe si mkamwana wangu.

Mwl. Kashindye Antoni


Mirongo,
22 Julai 2024

Mzee Kashindye,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu ya umri wako.

Nilifanya kama nilivyosema. Jumamosi saa ya chakula cha mchana mgahawa ulikuwa umejaa. Yule dereva anayepiga meza alikuwepo, akaanza kama kawaida yake. Nikaweka mwiko chini, nikaenda mlangoni, nikageuka nikawatazama, nikasema: "Kashindye. Mgahawa huu unaitwa Kwa Kashindye. Kashindye Antoni, wa Misungwi."

Ulidhani watashangilia? Mimi pia nilidhani hivyo. Hakuna aliyeshangilia, Mzee Kashindye. Dereva aliondoa mikono yake mezani taratibu. Yule mama wa kwaya akauliza, "Kwani amefariki?" Nikamwambia hapana, yuko mzima. Akauliza, "Sasa imekuwaje?" Nikhil alikuja, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. Nikamwambia dereva, "Umeshinda, kula wiki nzima." Akasema hana njaa, akavaa kofia yake ya chuma akaondoka.

Kumbe na wao walikuwa wanacheza kwa sababu walijua sitalitaja. Wote walikuwa wanasukuma ukuta wakiwa na uhakika kwamba ukuta hauanguki.

Ubao nimeushusha mwenyewe kwa nyundo ya Nikhil. Sabina anakuletea. Kwa nyuma utaona Josephat aliandika kwa penseli kabla ya kupaka rangi, akipima herufi zitoshe. Alikosea mara mbili akafuta. Mwenyewe utaona alianzia kwenye jina lako.

Ubao mpya umeandikwa "Michembe na Mtindi." Ni jina fupi, linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na mwenye biashara anaweza kulitamka. Masharti yako yote matatu yametimia. Hongera.

Dorcas,
mwenye mgahawa


Misungwi,
30 Septemba 2024

Dorcas,

Natumaini hujambo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafakari jambo hili kitaalamu.

Sabina ananiambia wateja wamepungua. Alisema hivyo bila kuulizwa. Nami nimejaribu kuelewa, kwa kuwa kwa kanuni nilizozifundisha ubao mpya ni bora kuliko wa zamani. Maelezo niliyoyapata ni haya. Tangazo zuri ni lile ambalo mtu hawezi kuliiga. Bakuli la kuonja mama ntilie yeyote anaweza kulipeleka kwa kinyozi. Ubao wa chaki yeyote anaweza kuuandika. Lakini ile njia yako hakuna jirani ambaye angeweza kuinunua wala kuiiba, kwa kuwa ilihitaji mtu awe na baba mkwe aliye hai, na awe anamheshimu kwa kweli hata asipotazamwa. Mimi niliiita maonyesho. Kibiashara neno hilo halikuwa sahihi.

Kwa hiyo napendekeza, kwa sababu za kibiashara, ubao urudi. Upo hapa chumbani, nimeuegemeza nyuma ya mlango. Nimewaambia baba wadogo kwamba barua ya Julai ihesabiwe kana kwamba haikuandikwa, nao hawakuwa na neno. Sabina anaweza kuuleta wiki yoyote. Wewe utaendelea kama zamani na watu watarudi, maana watu hupenda kurudi kwenye mchezo wanaoujua.

Kuna jambo lingine dogo ambalo nalitaja kama mfano tu. Marehemu mke wangu aliniita Baba Josephat maisha yake yote. Sabina ni binti, hakatazwi. Mwana mwingine wa kiume sina. Juzi nilikuwa kituo cha mabasi, kijana wa kupakia mizigo akaniita, "We Kashindye, sogea!" Nikasogea. Njiani nikirudi nilijaribu kufikiri ni nani duniani ambaye bado anajizuia kulitaja jina hili. Mtu akitaka kujua thamani ya bidhaa huangalia nani anasita kuigusa. Nilifundisha hivyo.

Jibu lako nitalipata kwa Sabina.

Kashindye


Mirongo,
4 Oktoba 2024

Mzee Kashindye,

Shikamoo.

Pendekezo nimelisoma. Nalo ulivyolipanga limepangika vizuri, ni kama ubao wa darasani.

Lakini haliwezekani. Umeweza kuifuta barua yako kwa sababu ni barua. Mimi nililitaja kwa mdomo, mbele ya watu, na mdomo ambao haujalitaja huwezi kunirudishia, hata ukiitisha vikao vya ukoo mpaka mwakani. Nikinyamaza sasa ndiyo itakuwa maonyesho. Wale watu wa Mirongo wataona mara moja. Wao huwa wanatazama.

Ubao kaa nao. Aliuandika kwa ajili yako, na hukuwahi kuutazama mpaka sasa.

Wateja walipungua kweli. Wameanza kurudi, mmoja mmoja, kwa ile kanuni yako ya mwisho. Najua majina yao yote. Anayeingia namwita kabla hajakaa, wenzake wageuke. Ulisema ndiyo iliyowalisha wanafunzi wako, na mimi inanilisha. Siwezi kukunyima sifa hiyo.

Sabina anasema umekuwa ukimuuliza basi la asubuhi linafika mjini saa ngapi. Tunafungua mapema. Usivae kofia ya Josephat, nitakutambua. Mtindi wako uliouacha nusu sikukuwekea. Utakaa meza yoyote iliyo wazi, utalipa kama wengine, na ukivuka tu kizingiti nitakuita kwa sauti kama ninavyomwita kila anayeingia kula.

Karibu, Kashindye.

Dorcas